KAZI ZIPO WAPI? NAFASI ZA KAZI TARIME NA SERENGETI, NA JINSI YA KUZIFUATA

Kuna swali moja linalosikika kila mahali katika wilaya za Tarime na Serengeti. Swali lenyewe ni hili: kazi zipo wapi? Vijana huliuliza vijiweni. Akina mama huliuliza gulioni. Wazee nao huliuliza, maana wao ndio waliouza ng'ombe ili kijana asome, na sasa kijana amerudi nyumbani na cheti chake, amekaa.

Jibu la watu wengi ni fupi: kazi ni kujuana. Kama huna mtu wako ndani, hupati. Tusidanganyane, maneno hayo yana ukweli. Lakini siyo ukweli wote. Nafasi nyingi hutangazwa kwa maandishi. Tangazo hubandikwa ukutani, hukaa hapo siku zake, kisha hubanduliwa. Mtu aliyelisoma siku ya kwanza ana wiki mbili za kujitayarisha. Aliyesikia kwa jirani ana siku mbili. Na aliyeambiwa na dalali mara nyingi hana kazi, ila ana deni.

Wewe unayesoma gazeti hili unajua kusoma. Basi tuone jinsi ya kuitumia elimu hiyo katika jambo hili la kazi.

Waajiri wa hapa kwetu

Kwanza tujue waajiri wa hapa kwetu ni akina nani, maana kila mmoja ana njia yake.

Katika Tarime mwajiri anayesemwa sana ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo. Mgodi huu ulifunguliwa mwaka 2002. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Barrick inauendesha kwa ubia na serikali yetu, ambayo ina hisa asilimia 16. Watu wakisikia "mgodi" hufikiri habari ya kuchimba tu. Siyo hivyo. Mgodi unahitaji madereva wa mitambo, mafundi umeme, mafundi wa kuchomelea vyuma, wapishi, wafua nguo, walinzi na watunza stoo. Tena wengi wa watu hao hawaajiriwi na mgodi wenyewe. Wanaajiriwa na wakandarasi, yaani makampuni yaliyopewa kazi fulani na mgodi. Moja linapika chakula, jingine linasafirisha watu, jingine linajenga.

Kwa hiyo anayetafuta kazi Nyamongo asiulize tu, "Mgodi unaajiri lini?" Aulize pia, "Ni mkandarasi gani amepata kazi mpya, na ofisi yake iko wapi?" Mkandarasi hutafuta watu anapoanza kazi. Miezi michache baadaye amekwisha kujaza.

Kuna jambo moja huleta ugomvi mwingi pale. Wako wanaoamini kwamba sheria inasema kazi za mgodi ni za watu wa Kewanja, Kerende, Nyangoto na Matongo peke yao. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Madini zinasema hivi: Watanzania wenye sifa wapewe nafasi ya kwanza. Zinasema Watanzania. Mwenyeji wa vijiji vya jirani anaweza kufikiriwa mapema kwa kazi ndogondogo kutokana na mipango ya mgodi na viongozi wa vijiji, na hilo ni jambo jema. Lakini neno "sifa" limo katika kanuni, na haliondoki. Kijana wa Kerende asiye na leseni hawezi kupewa lori kwa sababu amezaliwa karibu na geti.

Upande wa Serengeti mambo ni tofauti. Kule mwajiri mkubwa ni wanyama. Nasema hivyo kwa sababu wanyama ndio wanaowaleta wageni, na wageni ndio wanaoleta kazi katika mahoteli na kambi za ndani na nje ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kazi hizi zinafuata majira. Mvua za masika zinapokuwa nyingi, mwezi wa Aprili na Mei, kambi nyingi hufungwa. Kuanzia Juni nyumbu hufika upande wetu, kisha huelekea Mto Mara, na wageni huwafuata hadi Oktoba. Basi mwenye kambi hutafuta watu wa kupika, kutandika vitanda, kufua, kulinda na kutengeneza mahema kabla wageni hawajafika. Mtu anayepeleka barua yake mwezi wa Agosti amechelewa. Apeleke Aprili au mapema Mei, wakati meneja anapanga watu wake.

Katika vijiji vilivyomo kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, kama Robanda, kuna pia kazi ya askari wa wanyamapori wa vijiji. Hawa huchaguliwa kupitia vijiji vyenyewe. Asiyehudhuria mikutano ya kijiji atasikia habari hizo vijana wakiwa wamekwisha kwenda mafunzoni.

Kazi ya askari wa hifadhi wa TANAPA ni jambo jingine. Hiyo ni ya serikali, hutangazwa nchi nzima, na kwa kawaida hutaka vijana waliomaliza kidato cha nne na wenye umri mdogo.

Wapo waajiri wengine. Tarime ina kahawa, na vyama vya msingi pamoja na chama kikuu cha ushirika cha WAMACU huhitaji makarani na walinzi wa ghala. Sirari kuna forodha, na penye forodha pana mizigo na mawakala. Lakini mtu asifikiri kwamba kuvuka kwenda Kenya ni sawa na kwenda kulima shamba la mjomba. Kuvuka kuna hati yake, ambayo unaipata Uhamiaji. Kufanya kazi kule kuna kibali chake.

Kazi za muda tusizidharau

Wakati mwingine tunangojea kazi kubwa hadi ndogo zinatupita. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za kupambana na UVIKO-19. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa kawaida wa uashi na useremala, wale wa mitaani kwetu, wakisimamiwa na kamati za shule na vijiji. Fundi aliyekuwa anafahamika kwa mwalimu mkuu na mtendaji wa kata alipata kazi. Fundi hodari asiyefahamika alikaa nyumbani. Hodari huyo angefanya nini? Angeandika jina lake, ufundi wake na namba yake ya simu katika karatasi, akaipeleka ofisi ya kata na shule zilizo karibu. Ni karatasi moja tu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, na kwa kazi za vituo katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Kazi hizo zilitakiwa kuombwa kabla ya siku yenyewe, na tarehe zake zilitangazwa. Ujenzi wa barabara nao, kama ile ya kutoka Tarime kupita Nyamwaga hadi Mugumu, huhitaji vibarua wa kupima, kuchimba mitaro na kushika bendera.

Matangazo yanakaa wapi?

Anza na ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kisha wa kata. Halafu nenda halmashauri. Na hapa wengi hupotea, maana Tarime ina halmashauri mbili. Halmashauri ya Mji iko Tarime mjini. Halmashauri ya Wilaya makao yake yako Nyamwaga. Tangazo la moja haliwekwi lazima katika ubao wa nyingine. Serengeti ni rahisi zaidi, halmashauri iko Mugumu.

Pengine ubao wa kijiji chako hauna kitu, ila tangazo la kura la mwaka juzi lililoliwa na mchwa. Basi lisemeni jambo hilo katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka mkutano huo ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Ombeni mtendaji asome matangazo ya kazi mbele ya watu na kuyabandika. Wakurya tuna iritongo tangu zamani. Kusema jambo mbele ya wote siyo kitu kigeni kwetu.

Kazi za serikali siku hizi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi yake hupelekwa kwa njia ya mtandao, katika kile kinachoitwa Ajira Portal. Kujiandikisha humo hakuna malipo. Unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa na anwani ya barua pepe. Asiye na simu ya kisasa huenda katika duka la kuchapa na kutoa kopi, Tarime au Mugumu, akamlipa mwenye duka kwa kazi ya kumwandikia. Hilo si kosa. Kosa ni kukubali mwenye duka aweke barua pepe yake na namba yake ya simu. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili utakwenda kwake, na yeye ana wateja mia. Hakikisha barua pepe ni yako, namba ya simu ni yako, na neno la siri umeliandika katika daftari lako na kulitunza.

Kusoma tangazo

Tangazo la kazi lina lugha yake. Tuchukue tangazo la nafasi ya dereva wa halmashauri. Kwanza utaona "sifa za mwombaji". Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Kama imeandikwa "awe na cheti cha kidato cha nne na leseni daraja E au C", basi mwenye leseni ya pikipiki asipoteze nauli. Chini yake utaona "majukumu ya kazi", yaani mambo utakayoyafanya kila siku. Kisha "ngazi ya mshahara", ambayo huandikwa kwa herufi kama TGS, ndiyo daraja la mshahara wa serikali. "Masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni" maana yake ni kazi ya kuendelea hadi kustaafu. "Mkataba" maana yake ina mwisho. Matangazo mengi ya serikali husema umri usizidi miaka 45.

Halafu tafuta "mwisho wa kupokea maombi". Iandike tarehe hiyo. Watu hukosa kazi kwa tarehe kuliko wanavyokosa kwa elimu.

Labda utasema, "Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, sina kidato cha nne." Ni kweli, kazi nyingi za ofisi hutaka cheti hicho. Lakini mlango haujafungwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ina masomo ya sekondari kwa watu wazima. Mwanafunzi hufanya kwanza mtihani wa maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Muulize afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri yako. Kwa ufundi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime na vyuo vya VETA. Mtu mwenye cheti cha kuchomelea vyuma hutafutwa Nyamongo kuliko mwenye cheti cha sekondari peke yake. Huo ni mtazamo wangu, lakini waulizeni mafundi wenyewe.

Karatasi zako ziko wapi?

Usingojee tangazo ndipo uanze kutafuta karatasi. Weka bahasha moja, uitie ndani ya mfuko wa nailoni, uiweke mbali na moshi wa jikoni na panya. Humo uwe na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule au mafunzo, namba ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo, na leseni kama unayo. Kopi za vyeti zithibitishwe na hakimu au wakili. Uwe pia na majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu, na uwaombe ruhusa kwanza. Mdhamini anayepigiwa simu na kusema "simkumbuki" amekuangusha.

Jambo linalowasumbua watu wa Mara kuliko wengine ni majina. Shuleni ameandikwa Rhobi, kwenye kitambulisho Robi. Cheti kinasema Bhoke, kitambulisho kinasema Boke. Mwingine ni Chacha Mwita huku na Mwita Chacha kule. Nyumbani sote tunajua ni mtu yule yule. Lakini karani wa ajira hajui, naye hulitupa ombi pembeni. Nenda ofisi ya vitambulisho ya wilaya ukasahihishe, au upate hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kadiri utakavyoelekezwa. Kazi hii huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana nasema ifanye sasa, kabla ya tangazo.

Barua ya utambulisho hutolewa na mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukiambiwa kuna malipo, omba namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Malipo yasiyo na stakabadhi hayaendi serikalini.

Wauza kazi

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza watu. Tuseme kijana anarudi nyumbani jioni, anamwambia baba yake:

"Tata, nimepata njia ya mgodini. Kuna mtu ana nafasi tatu. Anataka laki tatu za fomu."

"Mura, tangazo umeliona?"

"Hapana. Anasema halijabandikwa, ni la ndani."

"Fomu ina muhuri wa nani?"

"Atanipa nikishalipa."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Tunaonana pale stendi."

"Basi kamwambie alete fomu, tuisome mimi na wewe. Ng'ombe wangu haendi kununua karatasi ambayo hatujaisoma."

Mzee huyo ameuliza maswali matatu tu: tangazo, muhuri, ofisi. Ulaghai mwingi huanguka kwa maswali hayo. Kazi za serikali hazina ada ya kuomba. Huduma za ajira za serikali hazina malipo. Mwajiri wa kweli hakutozi fedha za fomu, za sare wala za "kufungua faili". Mafunzo ya kujitolea ya JKT nayo huombwa kupitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa bila kulipa, na JKT yenyewe husema kila mwaka kwamba mafunzo siyo ahadi ya ajira. Hata hivyo kila mwaka kuna baba anayeuza ng'ombe wawili ili mtoto "aingizwe".

Akina mama na mabinti hudaiwa kitu kibaya zaidi. Bwana fulani anasema, "Kazi ipo, lakini lazima tuelewane." Hiyo inaitwa rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mkosaji ni yule anayedai. Simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Anayepiga simu aeleze siku, mahali na maneno aliyoambiwa. Kama ujumbe umo kwenye simu, usiufute.

Umepata kazi. Sasa?

Usianze kwa furaha tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya kazi yako: ni kazi gani, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara, na muda wa mkataba. Kama maandishi hayo huyaelewi, kwa mfano yako kwa Kiingereza, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akuelezee kwa namna unayoielewa. Basi usione haya kusema, "Naomba nielezwe kwa Kiswahili." Hujaomba msaada, umeomba haki. Anayefanya kazi siku zisizofika sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hahusiki na kifungu hicho, lakini yeye naye aandike siku zake katika daftari.

Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni za ziada, nazo zina malipo yake. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, hata kama ana mwili mkubwa na baba yake amekubali.

Uliza kama jina lako limepelekwa NSSF. Kila mwezi mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaweza kukata kwako nusu yake, isizidi hapo, na nusu nyingine anatoa mwenyewe. Wako waajiri wanaokata na hawapeleki. Utajua ukiomba taarifa ya michango yako, na iombe mapema, siyo siku ya kuondoka. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Tangazo lake la kuumia liandikwe mara moja, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Na kama ukiachishwa kazi bila haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya mkoa iko Musoma. Hakuna ada. Chukua mkataba wako, hati za mshahara na barua ya kuachishwa kama ulipewa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa, na siku 60 kwa madai mengine kama mshahara usiolipwa. Siku hizo huhesabiwa tangu siku ile ya kuachishwa, au siku mgogoro ulipoanza, siyo tangu siku uliyosikia kwamba ofisi hiyo ipo.